Sura ya Nne: Anayejua Lugha, Anaijua kwa Kiasi Gani?

Katika maswali ambayo watu huwaelekezea walimu wa lugha, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili: mtu akisema kwamba anajua lugha fulani, anaijua kwa kiasi gani? Huuliza mzazi aliyemlipia mwanawe karo ya Kifaransa kwa miaka miwili, na kila akimtaka aseme maneno mawili mbele ya mgeni humwona ameinamisha kichwa. Huuliza muuguzi wa Nairobi au wa Dar es Salaam aliyeambiwa kwamba cheti chake ni halali na uzoefu wake ni mkubwa, walakini hospitali za Ujerumani hazitampokea mpaka awe amefika katika Kijerumani mahali panapoitwa B2. Huuliza mkuu wa shirika aliyemwajiri mgeni ambaye barua yake ya maombi ilisema "Kiswahili: kizuri", na ambaye siku ya kwanza kazini hakufahamu alipoambiwa na karani, "Mkubwa ameshatoka, labda umuwahi kesho asubuhi."

Sura hii inakusudia kulijibu swali hilo, kisha kuonyesha jinsi jibu lake linavyoweza kumwongoza mwalimu anayepanga masomo, na hasa mwalimu wa Kiswahili kwa wageni.

Maneno yasiyo na mpaka

Neno "kizuri" katika barua ile si uwongo, wala aliyeliandika hakuazimia kumdanganya mtu. Kasoro yake ni kwamba halina mpaka, na neno lisilo na mpaka kila mtu hulijaza atakavyo. Mwalimu mmoja huwaita wanafunzi wake "wa kati" kwa sababu wamemaliza kitabu cha pili. Mwingine huwaita hivyo kwa sababu wamekaa darasani miezi sita. Wa tatu kwa sababu wanazijua ngeli zote na nyakati zote za vitenzi, ijapokuwa hawajapata hata mara moja kuuliza nauli na kulifahamu jibu. Walimu hawa watatu wanatumia jina moja kwa hali tatu mbalimbali, na mwanafunzi akihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule hujikuta ama anarudia aliyokwisha kuyajua, ama ametupwa katika yaliyomzidi. Nafaka ilipouzwa kwa pishi, mnunuzi aliweza kutoka soko hili hadi lile bila ya wasiwasi maadamu pishi ilikuwa vibaba vinne kwa kila muuzaji. Lakini ujuzi wa lugha, kwa muda mrefu, kila mmoja aliupima kwa chombo alichokuwa nacho nyumbani.

Haja, basi, ilikuwa ya kipimo cha pamoja, yaani maelezo ya madaraja ya ujuzi yaliyokubaliwa na mwalimu, mtahini, mwandishi wa vitabu na mwajiri, ili kila mmoja anapolitaja daraja fulani wengine wajue amekusudia nini.

Kipimo kilivyopatikana

Kipimo kinachojulikana zaidi zama hizi kilitoka Ulaya. Baraza la Ulaya, ambalo ni jumuiya ya mataifa iliyoundwa mwaka 1949 na yenye makao yake Strasbourg, na ambalo si sawa na Umoja wa Ulaya ingawa majina yao hukaribiana, lilijishughulisha tangu miaka ya 1970 na jambo la watu wazima wanaovuka mipaka kwa kazi na masomo: je, mtu wa namna hiyo anahitaji lugha kiasi gani ili aweze kuishi miongoni mwa wenyeji pasipo kuongozwa mkono? Mwaka 1975 Jan van Ek alitoa jibu kwa upande wa Kiingereza, katika kitabu ambacho badala ya kuanza na kanuni za sarufi kilianza na mambo ambayo mtu hana budi kuyatenda kwa maneno, kama vile kuomba, kukataa, kushukuru, kuuliza njia na kutaka radhi. Na mwaka uliofuata likatoka jibu la upande wa Kifaransa. Mwaka 1991 wataalamu walikutana Rüschlikon, katika nchi ya Uswisi, wakapendekeza kwamba uundwe mfumo mmoja utakaozifaa lugha zote; na baada ya miaka kumi, mwaka 2001, ukachapishwa Mfumo wa Pamoja wa Ulaya wa Marejeleo ya Lugha, ambao jina lake hufupishwa kwa herufi CEFR.

Inafaa msomaji ajue kwamba madaraja ya mfumo huo hayakuandikwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Huko Uswisi sentensi nyingi zinazoeleza uwezo wa mwanafunzi zilipelekwa kwa walimu wenyewe, karibu 300, wakaombwa wazipange kutoka nyepesi hadi nzito na kuwapima kwazo wanafunzi wao wapatao 2,800. Na sentensi ambazo walimu walihitilafiana juu ya maana yake ziliachwa. Kwa sababu hiyo kipimo hiki kina insafu ndani yake: kimetoka katika macho ya watu wanaowaona wanafunzi kila siku.

Marekani nako wana kipimo chao. Idara inayowafundisha wanadiplomasia wa nchi hiyo ilianza katika miaka ya 1950 kuwapima maofisa wake kwa namba kutoka 0 hadi 5, na kutokana na kazi hiyo baraza la walimu wa lugha za kigeni, liitwalo ACTFL, likatoa mwaka 1986 mwongozo wake kwa vyuo na shule. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani, na vijana wa kujitolea wa shirika la Peace Corps wanaotumwa Afrika ya Mashariki, hupimwa kwa mwongozo huo. Idara ile ile ya wanadiplomasia hukadiria kwamba ofisa mwenye kusema Kiingereza huhitaji wiki 36 za masomo ya kutwa ili afikie Kiswahili cha kufanyia kazi, ilhali Kiarabu humtaka wiki 88. Madaraja ya Marekani na ya Ulaya hayalingani moja kwa moja, lakini msingi wake ni mmoja: kumpima mtu kwa anachoweza kukifanya.

Madaraja sita kwa maneno ya kila siku

CEFR ina makundi matatu: A ni mtumiaji wa mwanzo, B ni mtumiaji anayejitegemea, na C ni mtumiaji mahiri. Kila kundi limegawanywa mara mbili. Nimeyavika madaraja haya mifano ya Kiswahili ili yaonekane kwa urahisi:

- A1. Husalimu na kuitikia, hutaja jina lake na atokako, hununua maembe kwa bei aliyotajiwa, mradi muuzaji aseme polepole na awe radhi kumsaidia.
- A2. Huuliza daladala ya Mwenge inasimama wapi na hufahamu jibu fupi. Hueleza jamaa zake, kazi yake na aliyoyafanya jana kwa sentensi sahali.
- B1. Hujitegemea safarini, husimulia yaliyompata, hutoa sababu za maoni yake, humweleza fundi kilichoharibika hata kama jina la kifaa limempotea.
- B2. Hufuata taarifa ya habari ya redio. Hujadiliana na wenyeji pasipo upande wowote kutaabika. Huandika ripoti iliyo wazi.
- C1. Huitumia lugha kwa wepesi katika masomo na kazi, hutambua kilichofichika katika usemi, kama pale mzee anapokataa jambo kwa kusema tu, "Inshallah, tutaona."
- C2. Hufahamu karibu yote ayasikiayo na ayasomayo. Hukusanya maneno ya watu wengi akayafanya hoja moja. Hupambanua tofauti nyembamba za maana.

Kila sentensi ya orodha hii imeanza na tendo. Hakuna iliyosema kwamba mwanafunzi "amesoma wakati uliopita" au "amemaliza ukurasa wa 80". Hapa ndipo yalipo mageuzi yenyewe, kwa kuwa mwalimu aliyezoea kuuliza "Nimefundisha nini?" sasa analazimika kuuliza "Mwanafunzi wangu anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakukiweza?"

Wala mtu asidhani kwamba madaraja haya yana upana sawa. Watahini wa Kiingereza wa Cambridge hukadiria kwamba mwanafunzi huhitaji saa 90 hadi 100 za kufundishwa ili afike A1, saa 350 hadi 400 ili afike B1, na saa 1,000 hadi 1,200 ili afike C2. Aliyepanda haraka mwanzoni asivunjike moyo akijiona amekawia katikati. Kukawia huko ni tabia ya safari yenyewe, si dalili ya upumbavu wake.

Kwa ufupi: kipimo cha pamoja ni maelezo ya matendo, yaliyopangwa kwa madaraja, ambayo watu wengi wamekubaliana juu ya maana yake.

Stadi hazipandi pamoja

Walimu wengi hukosea pale wanapompa mwanafunzi herufi moja na namba moja, kana kwamba lugha ni kitu kimoja kisichogawanyika. Kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika ni stadi mbalimbali, na mtu mmoja anaweza kuwa juu katika hii na chini katika ile.

Mtazame binti wa Muscat ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Amelelewa katika Kiswahili cha jikoni na barazani, husikia mafumbo ya bibi yake na kucheka mahali panapostahili kuchekwa, walakini shule yake yote ilikuwa ya Kiarabu na Kiingereza, na hajapata kuandika barua ya Kiswahili maishani mwake. Kisha mtazame mwanachuo wa Ulaya aliyejifunza kwa vitabu, ambaye husoma gazeti kutoka kichwa cha habari hadi mstari wa mwisho, lakini akisimama kituoni utingo anapotangaza njia hubaki ameduwaa. Ukiwapa hawa wawili mtihani wa sarufi wa kurasa mbili, yamkini yule wa Ulaya atashinda, nawe utamweka binti wa Muscat katika darasa la wanaoanza, ambako atafundishwa kusema "hujambo". Huko ni kumdhulumu. Haki ni kumwandikia kila mmoja wasifu wa ujuzi, yaani maelezo ya daraja lake katika kila stadi peke yake: binti pengine C1 katika kusikiliza na A2 katika kuandika, na mwenzake kinyume cha hayo. Mmoja atahitaji kalamu na daftari, mwingine atahitaji kupelekwa sokoni.

Hali kadhalika ni ya wasemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi au Goma wanaotaka kuongeza Kiswahili sanifu. Hao si wageni katika lugha; ni wenyeji wa nyumba moja wanaohamia chumba kingine, na mwalimu mwenye busara huanza kwa kupima walicho nacho kabla ya kuwahesabia wasicho nacho.

Mwaka 2020 Baraza la Ulaya lilitoa juzuu ya nyongeza iliyoyapanua madaraja haya, ikaacha kumtaja mzawa wa lugha kuwa ndiye kigezo cha ujuzi, na ikatilia mkazo jambo ambalo Afrika ya Mashariki inalijua kwa vitendo: upatanishi wa maana, yaani uwezo wa mtu kusimama kati ya wawili wasiofahamiana na kuyafikisha maneno ya huyu kwa yule. Kijana anayefuatana na bibi yake hospitalini, akamsikiliza kwa Kisambaa au Kidigo na kumweleza daktari kwa Kiswahili, anafanya kazi ambayo kwa miaka mingi haikupewa alama katika mitihani mingi. Sasa ina mahali pake katika kipimo, na mtaala wowote wa lugha kwetu ungefaa uipe nafasi ya heshima.

Kipimo hueleza, hakifundishi

Hapa tunafika penye kiini cha sura hii. Waliouandika mfumo wa Ulaya walisema wazi kwamba hawakukusudia kuwaamuru walimu wafundishe nini wala kwa njia gani. Mfumo husema kwamba mtu wa A1 huweza kusalimu. Hausemi kusalimu katika lugha fulani ni kitu kikubwa kiasi gani. Mfumo husema kwamba mtu wa A1 huweza kushughulika na saa na nyakati. Hausemi saa yenyewe inahesabiwaje. Mwalimu akizichukua sentensi hizo zikiwa tupu, akazijaza kwa mambo ya kitabu cha Kiingereza au Kifaransa yaliyogeuzwa maneno, atapata mtaala unaozungumza Kiswahili kwa ulimi na Ulaya kwa moyo.

Chukua maamkizi. Katika vitabu vingi vya Ulaya maamkizi humalizwa katika ukurasa wa kwanza. Mgeni akienda kwa mama mzee kisiwani kuomba maji ya kunywa, na akaanza na maji, atakuwa amesema Kiswahili sahihi na kutenda jambo baya. Njia ni hii:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"
"Sijambo. Habari za hapa?"
"Njema. Za utokako?"
"Njema, bibi. Watoto hawajambo?"
"Hawajambo, alhamdulillahi. Karibu."

Hapo tena ndipo maji yanapoombwa. Mazungumzo haya yana mambo manne ya kujifunza: nani humwanza nani, neno gani hujibu neno gani, wingi na umoja katika "sijambo" na "hawajambo", na kwamba jibu la habari huanza kwa wema hata kama nyumbani mna ugonjwa, kisha ndipo ugonjwa utajwe. Katika Kiswahili hayo yote ni A1, na mwanafunzi asiyeyajua hana daraja hilo, hata kama anajua kuhesabu hadi elfu.

Chukua na saa. Siku ya Kiswahili huhesabiwa kutoka macheo na machweo, hata mkutano wa saa mbili asubuhi ndio ule ambao mgeni ameuandika katika daftari lake kuwa saa nane. Asiyefundishwa hilo katika juma la kwanza atakosa miadi katika juma la pili.

Sasa chukua sarufi, ambapo tofauti ni kubwa zaidi. Vitabu vilivyofuata desturi ya Ulaya huweka kauli ya kutendwa mbali, penye masomo ya watu waliokwisha kuendelea. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili siku ya kwanza husema "naitwa" na "nimezaliwa", na yote mawili ni kutendwa. Mbele ya meza ya samaki, siku chache tu baadaye, atahitaji kusema, "Naomba unipunguzie." Lifungue neno hilo la mwisho: mna "u" ya anayeambiwa, "ni" ya anayeomba, shina la "pungua" lililogeuka "punguza" na kisha "punguzia", na mwishoni "e" ya ombi. Anayesubiri hadi mwanafunzi azijue sehemu hizo zote moja moja atamwacha alipe bei ya kitalii mwaka mzima. Mwalimu mzuri humpa neno zima katika A1, alitumie kama lilivyo. Katika A2 humwonyesha ndugu zake, "nisaidie", "niletee", "nifungulie". Na katika B1 humfungulia mlango wa minyambuliko, yaani namna kitenzi kimoja kinavyozaa vingine, naye huingia akiwa amekwisha kuzoeana na wakaao ndani.

Ama makosa, nayo yana daraja lake. Mtu wa A2 anayesema "kitabu yangu" ametukwaza sikio lakini ametufikishia ujumbe, na kipimo humsamehe kwa kuwa katika daraja hilo makosa ya msingi hutarajiwa. Mtu wa B2 akirudia kosa hilo kila mara, basi hajafika anapodai kuwa amefika.

Kwa ufupi: madaraja ni ya wote, lakini yanayowekwa ndani ya kila daraja lazima yatoke katika maisha ya lugha yenyewe.

Kutoka daraja hadi mtaala

Mtaala ni mpango mzima wa mafunzo: shabaha yake, yatakayofundishwa, utaratibu wake, vifaa vyake na namna ya kuupima ufanisi wake. Anayeutengeneza kwa msaada wa kipimo cha pamoja huanza mwishoni na kurudi nyuma, kwa hatua hizi:

1. Ajue wanafunzi ni nani na wanaitaka lugha kwa kazi gani.
2. Achague daraja la kufikiwa katika kila stadi, si daraja moja la jumla.
3. Aandike kwa sentensi za matendo yale ambayo mwanafunzi ataweza kuyafanya siku ya mwisho.
4. Atafute maneno, sarufi na adabu zinazohitajika kwa matendo hayo, na hizo ndizo zifundishwe.
5. Atunge tathmini inayomtaka mwanafunzi atende yale yale, wala si mambo mengine.

Tuseme wanafunzi ni madaktari wa kigeni wanaokwenda kutumikia hospitali za wilaya. Katika kuzungumza na kusikiliza wanahitaji B1 iliyo imara. Katika kuandika huenda A2 ikawatosha, kwa kuwa katika hospitali nyingi kumbukumbu za mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Mojawapo ya matendo yao ni hili: "Humhoji mgonjwa juu ya maumivu, akafahamu mahali yalipo, yalianza lini na yana sura gani." Tendo hilo likishaandikwa, somo hujileta lenyewe. Mgonjwa atasema kichwa kinaniuma, tumbo linaniuma, mgongo unaniuma, macho yananiuma. Na katika malalamiko hayo manne mna viambishi vinne vya ngeli, ambavyo mwanafunzi hujifunza kwa sababu mtu yu mbele yake anateseka, si kwa sababu jedwali limechorwa ubaoni. Atasikia kwamba kifua kinabana, kidonda kinachoma, jino linapwita, tumbo linakata. Atafundishwa pia kwamba wengi hawatasema "naharisha" bali "tumbo linaniendesha", na kwamba mama wa makamo hatayataja maradhi ya siri mbele ya daktari kijana wa kiume ila kwa kuzunguka, na pengine hatayataja kabisa. Mwisho wa kozi mtahini hatamwambia, "Taja wingi wa jino." Atakaa mbele yake kama mgonjwa, naye daktari amhoji, akishikilia adabu tangu salamu hadi kuagana.

Mtaala uliopangwa hivyo una faida ya pili: mwanafunzi akihamia chuo kingine, mwalimu mpya huisoma ile orodha ya matendo na kujua mara moja pa kuanzia.

Mahali kipimo kinapoweza kudhulumu

Kila chombo chenye nguvu kina madhara yake kikishikwa vibaya. Kipimo kilichobuniwa ili kumwonyesha mtu njia kimegeuzwa mara nyingi kuwa lango la kumzuia. Ujerumani, tangu mwaka 2007, humtaka mke au mume anayekwenda kuungana na mwenzake athibitishe kwanza Kijerumani cha A1, isipokuwa watu wa hali maalumu. Na hapo cheti ambacho kwa mwalimu ni alama ya mwanzo mwema, kwa mama aliyeko mbali na mumewe ni ukuta. Walimu hawana mamlaka juu ya sheria za uhamiaji, lakini wana wajibu wa kutamka hadharani kipimo hiki kilikusudiwa nini.

Dhuluma ya pili hutokea darasani, mwalimu anapoacha kufundisha lugha akafundisha mtihani wa daraja. Ya tatu hutokea dukani, kitabu kinapoandikwa "B1" kwenye jalada pasipo kueleza popote ni tendo gani ambalo msomaji wake ataliweza. Ya nne ni ya wale wanaodhani kwamba kwa kuwa kipimo kina C2, kila mtu hana budi kuifikia. Muuza viungo wa Forodhani mwenye Kiitaliano cha A2 kinachomtosha kwa biashara yake hakupungukiwa na kitu. Ana lugha yake ya nyumbani, ana Kiswahili chake, na ana kile Kiitaliano, na zote tatu ni mali yake, kila moja kwa kadiri ya haja.

Kazi ya wenye lugha

Kuna mfano mmoja ambao wenye kukipenda Kiswahili wangefaa kuuzingatia. Wasemaji wa Kijerumani wanaishi katika nchi zaidi ya moja, na Kijerumani cha Vienna hakifanani kwa kila jambo na cha Berlin wala cha Zürich. Ulipochapishwa mfumo wa Ulaya, wataalamu wa Ujerumani, Austria na Uswisi walishirikiana, na mwaka 2002 wakatoa kazi iitwayo Profile Deutsch, inayoeleza kwa Kijerumani hasa ni maneno gani, miundo gani na matendo gani yanayostahili kila daraja, pamoja na kuonyesha yanayotofautiana baina ya nchi na nchi.

Kiswahili nacho ni mali ya nchi nyingi, na si mara ya kwanza kwa nchi hizo kukaa pamoja: mwaka 1928 wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja walikubaliana Mombasa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Makubaliano yale yaliamua Kiswahili kipi kiandikwe vitabuni. Makubaliano ya zama hizi yapaswa kuamua ni yapi ambayo mgeni ayaweze katika kila daraja, ili cheti cha Unguja kieleweke Nairobi, na cha Kampala kieleweke Bujumbura, na mwanafunzi wa ng'ambo asimamishwe mahali pake kwa haki popote atakapofika. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na vyuo vinavyofundisha wageni vina wadhifa mkubwa katika jambo hili. Lakini mwalimu wa kawaida hana haja ya kungoja barua kutoka juu.

Aandike sentensi kumi za matendo ambayo wanafunzi wake wanayaweza kwa Kiswahili, kila moja katika kipande chake cha karatasi, bila ya kuandika daraja. Ampelekee mwalimu wa chuo cha jirani na kumwomba azipange kutoka nyepesi hadi nzito, kisha walinganishe mpango wa huyu na wa yule. Pale watakapoafikiana, wamepata kipande cha kipimo chao wenyewe. Na pale watakapohitilafiana, wajadiliane mpaka sentensi iwe wazi au iondolewe. Kipimo cha Ulaya kilisimamishwa kwa njia hiyo hiyo, na cha Kiswahili kitasimama wenye lugha watakapoketi kukiandika.